Chumvi ya Kijani na Kibanja cha Buhembe



Mama mmoja wa Buhembe ametuletea barua. Jina lake silitaji, maana mambo ya nyumbani ni ya nyumbani. Asema kwamba mwanawe wa pili, kijana mwenye akili na asiye mlevi, amewaomba wazee wamruhusu kuuza nusu ya kibanja alichoachiwa na marehemu baba yake. Kwa fedha hizo ataka kununua lori lililokwisha kutumika, alitengeneze, akae tayari kubeba mzigo wa nikeli ya Ngara. Kijana amewaeleza jamaa kwamba mawe ya Kabanga yatageuzwa kuwa chumvi ya kijani ya kutengenezea betri za motokaa, na kwamba mataifa makubwa yanaigombania chumvi hiyo. Baba zake wadogo wamegawanyika: mmoja amekubali, mmoja amekataa katakata, wa tatu amesema atafuata watakaloamua wenzake. Mama auliza mambo mawili. Hiyo chumvi ni kitu gani hasa? Na biashara yake yaweza kumlisha mtu wa Buhembe?

Nimeisoma barua hii mara mbili, kwani najua si nyumba moja tu yenye shauri kama hili. Nitaanza na swali la kwanza, maana kumshauri mtu habari ya lori kabla ya kuujua mzigo ni kupima nguo gizani.

Nikeli yenyewe si mgeni kwetu. Wenye umri watakumbuka ile sarafu ya shilingi moja iliyotolewa mwaka 1966, yenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Weupe wake haukuwa wa fedha. Ilikuwa shaba iliyochanganywa na nikeli. Nikeli imo pia katika vijiko na sufuria za chuma kisichoshika kutu, na usukani wa baiskeli unaong'aa una ngozi nyembamba ya nikeli chini ya ile ngozi ya juu kabisa ya kromiamu.

Sasa, ngozi hiyo hupakwaje? Hapo ndipo chumvi ya kijani inapoingia. Wataalamu huiita salfeti ya nikeli. Si chumvi ya kutia katika mchuzi, Mungu apishe mbali! Huitwa chumvi kwa sababu imepatikana kwa kuunganisha metali na tindikali, kama wanavyosema watu wa kemia. Ni chembe zenye rangi ya kijani iliyoelekea buluu, nazo huyeyuka katika maji. Fundi hutia chuma chake katika maji hayo, hupitisha umeme, na nikeli huhama kutoka majini ikashikamana na chuma. Kanuni ya maji hayo iliyoenea sana viwandani ilitolewa na mwalimu wa chuo wa Marekani aitwaye Oliver Watts mwaka 1916, na mafundi waifuata hata leo. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa ya chumvi hii. Zilipokuja motokaa za umeme, kazi ya pili iliipita ya kwanza: betri nyingi za motokaa hizo hutengenezwa kwa nikeli, manganizi na kobalti, na mwenye kiwanda cha betri huitaka nikeli hiyo ikiwa katika hali ya chumvi safi sana, isiyo na uchafu wa chuma wala wa shaba.

Kwa hiyo kijana hakusema uongo. Chumvi ipo, nayo hununuliwa na kuuzwa duniani kote, hata ina namba yake katika vitabu vya forodha. China ndiyo itengenezayo nyingi kupita wote na kuitumia kupita wote. Japani na Korea ya Kusini nazo ni wanunuzi wa siku nyingi, na Finland ilifungua kiwanda chake kipya cha chumvi hii huko Sotkamo mwaka 2021.

Na mawe je? Mawe yapo pia. Kabanga iko wilaya ya Ngara, karibu na mpaka wa Burundi, katika mkoa wetu huu huu wa Kagera. Hazina ile ilichimbuliwa na watafiti wa Umoja wa Mataifa katika miaka ya 1970. Hebu msomaji afikiri: mtoto aliyezaliwa Ngara siku zile mashine za utafiti zilipokuwa zikitoboa ardhi, leo aweza kuwa babu. Baada ya hapo yamepita makampuni kama wageni wanaopita sebuleni: Sutton Resources ya Kanada, BHP, Anglo American, Barrick, Falconbridge, Xstrata, Glencore. Kila mmoja alitoboa, alipima, alichora ramani, akaondoka au akamwuzia mwingine. Mwaka 2018 Serikali ilifuta leseni za aina ile waliyokuwa nayo wenye Kabanga, leseni za kushikilia eneo bila kuchimba. Januari 2021 yakatiwa sahihi mapatano mapya na kampuni ya Kabanga Nickel, ambayo sasa imo chini ya Lifezone Metals, ikazaliwa kampuni ya ubia iitwayo Tembo Nickel ambamo Serikali ina hisa 16 katika kila 100 bila kuzilipia. Leseni ya kuchimba ilitolewa mwaka huo huo. Machi 2024 ikatolewa leseni ya kiwanda cha kusafishia, nacho kimepangiwa Kahama, mahali palipokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi.

Nataka msomaji alikumbuke hilo jina la Kahama, maana nitalirudia.

Sasa tupige hesabu kama tunavyopiga hesabu ya kahawa. Katika kila kilo 100 za mawe ya Kabanga mna kilo 2 hivi za nikeli, pamoja na shaba kidogo na kobalti kidogo zaidi. Mtu asidharau. Kwa mawe ya nikeli hicho ni kiasi kizuri sana, ndiyo sababu wageni hawachoki kurudi. Tani moja ya mawe basi ina kilo 20 za nikeli. Chumvi yenyewe, ikiwa kavu mkononi mwako, ina nikeli kilo 22 hivi katika kila kilo 100. Kwa hiyo tani nzima ya mawe, kama kisingepotea hata chembe moja, ingetoa chumvi kilo 90 pungufu kidogo. Kwa kweli hutoka chini ya hapo, maana hakuna mashine isiyomwaga.

Na zile kilo nyingine 78 katika kila 100 za chumvi ni nini? Sehemu ni salfa na hewa ya oksijeni. Lakini kilo 41, ndugu msomaji, ni maji. Maji hayo yamefungwa ndani ya chembe zenyewe, hata ukizishika huoni unyevu wowote, lakini mizani yayaona. Lori la tani 30 lililojaa chumvi ya kijani limebeba tani 12 za maji, na nikeli iliyomo haifiki tani 7. Kutoka Kahama hata Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Nani atakayelipa mafuta ya kubeba maji kilomita 1,000, kisha kuyapakia melini hata Asia?

Hii ndiyo sababu viwanda vingi vya chumvi hii hujengwa karibu na viwanda vya betri, au karibu na bandari. Mwenye kuwa mbali na bahari hupenda kutuma nikeli iliyokwisha kuwa metali, na mwenye kiwanda cha betri huiyeyusha mwenyewe kwa tindikali huko aliko. Mipango iliyotangazwa kwa ajili ya Kahama nayo imezungumza habari ya kutoa nikeli, shaba na kobalti zilizosafishwa. Basi yawezekana lori la kijana wetu lisione chumvi ya kijani hata siku moja, na bado nikeli ya Ngara ikaishia katika chumvi hiyo ng'ambo ya bahari.

Lakini mtu ataniuliza: kama ni hivyo, kwa nini tusiuze makinikia tu, yaani yale mawe yaliyosagwa na kuondolewa taka nyingi, tukaachana na gharama za kiwanda? Swali zuri, tena wenyeji wa Bukoba walijibu zamani bila kujua, kwa kahawa.

Mkulima wetu huanika kahawa akaiuza ikiwa bado katika maganda. Katika gunia lile karibu nusu ni maganda. Anayekoboa huuza kahawa safi. Anayekaanga na kusaga hupata zaidi. Na hapa hapa mjini tunacho kiwanda cha TANICA, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, kinachotoa ile kahawa ya unga ya kuyeyuka katika maji ya moto. Kila hatua ina mtu anayelipwa mshahara, na kila hatua ina mtu anayejua ndani ya gunia mna nini. Jambo hili la pili ndilo kubwa. Anayeuza maganda huambiwa na mnunuzi, “Kahawa yako mbichi, nakata kilo tano.” Atasema nini? Kipima unyevu kiko mkononi mwa mnunuzi.

Kwa makinikia mambo ni yale yale, ila fedha ni nyingi zaidi. Mnunuzi hamlipi mwenye mali nikeli yote iliyomo. Kwanza huondoa unyevu katika uzito. Kisha hukata gharama ya kusafisha, hukata na sehemu atakayoipoteza katika kusafisha. Kobalti iliyomo mara nyingi huilipa kidogo, au haiilipi kabisa, ingawa akifika kwake huitoa na kuiuza. Wafanya biashara wazoefu wana desturi nzuri ambayo ningependa vyama vyetu vya msingi waijue: mzigo ukifika hutolewa sampuli, moja huchukua muuzaji, moja mnunuzi, na ya tatu hufungwa kwa lakiri. Kila mmoja hupima kwake. Vipimo vyao vikipishana sana, ile ya tatu hupelekwa kwa mpimaji asiye wa huku wala wa kule, na neno lake ndilo litakaloamua bei.

Watanzania tulijifunza habari ya makinikia kwa uchungu. Machi 2017 Rais Magufuli alizuia makinikia ya dhahabu na shaba yasitoke nchini, na makontena 277 yakakaa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Mruma ikafungua na kupima, ikasema yaliyomo ni mengi kuliko yaliyoandikwa. Kampuni ya Acacia ikakana. Mabishano yalidumu hata Barrick, mwenye hisa nyingi katika Acacia, alipoketi na Serikali, na Januari 2020 mapatano yakatiwa sahihi, ikiwemo kampuni ya ubia ya Twiga. Makontena yale yalitoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Ndiyo, Buzwagi ile ile ya Kahama inapokusudiwa sasa kusafishwa nikeli. Mimi sioni hilo kuwa jambo dogo. Mahali palipotuletea ugomvi wa kutojua kilichomo ndani ya kontena, ndipo tunapotaka kuweka mizani yetu wenyewe.

Njia iliyochaguliwa kwa kiwanda kile nayo yafaa kusifiwa, kwa kadiri ya maelezo yake. Zamani nikeli ya mawe ya aina hii iliyeyushwa kwa moto mkali, na moshi wa salfa ukapaa. Huko Sudbury, Kanada, moshi huo uliua miti vilima kwa vilima, mawe yakabaki meusi. Kwa Kahama wamekusudia kutumia maji ya moto yenye mgandamizo mkubwa badala ya tanuri. Ni kama kupika maharagwe katika sufuria ya mvuke badala ya kuyachoma makaani.

Haya, mawe yapo na nia ipo. Mbona basi nasitasita? Ni kwa sababu ya soko.

Tarehe 8 Machi 2022, katika Soko la Metali la London, bei ya nikeli ilipita dola 100,000 kwa tani. Siku chache kabla yake ilikuwa haijafika hata 30,000. Soko lilifungwa, na biashara zilizokwisha kufanywa asubuhi ile zikafutwa, kana kwamba mtu aliyeuza ng'ombe wake mnadani ameambiwa jioni amrudishe nyumbani. Mwaka 2025 tani hiyo hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa dola 15,000 hivi. Nani awezaye kupanga maisha ya watoto juu ya kitu cha namna hiyo?

Sababu kubwa ya kushuka ni Indonesia. Nchi ile ilizuia mawe yake ghafi ya nikeli yasitoke tangu Januari 2020, ikasema: anayetaka nikeli yetu na aje ajenge kiwanda hapa. Umoja wa Ulaya ukawashtaki katika Shirika la Biashara Duniani, na Novemba 2022 waamuzi wakasema Indonesia imekosea. Indonesia ikakata rufani, ikaendelea na kazi yake. Viwanda vikajengwa, vingi kwa mtaji wa Wachina, hata Indonesia ikawa yatoa zaidi ya nusu ya nikeli inayochimbwa duniani. Twaweza kuwapongeza kwa ujasiri wao. Lakini mzigo wao umejaza soko, na umeme wa viwanda vyao kwa sehemu kubwa ni wa makaa ya mawe, pamoja na moshi wake. Tena huko China kumeenea betri za chuma na fosfati ambazo hazina nikeli hata chembe. Haziendi mbali sana kama zile nyingine, lakini ni za bei nafuu, na mtu wa kawaida huangalia mfuko wake.

Nitatoa mfano mmoja ambao napenda kijana wa Buhembe ausome polepole. Huko Kwinana, Australia ya Magharibi, kampuni ya BHP, mojawapo ya makampuni makubwa kabisa ya madini duniani, ilijenga kiwanda cha chumvi hii hii ya kijani, cha kutoa tani 100,000 kwa mwaka. Chembe za kwanza zilitoka Oktoba 2021. Oktoba 2024 kazi zote za nikeli za BHP huko zilisimamishwa. Miaka mitatu! Walikuwa na bandari, umeme, barabara, wataalamu na fedha. Kilichowashinda ni bei. Na BHP hao hao walikuwa wametia fedha katika Kabanga, na Julai 2025 wakaondoka, hisa zao zikachukuliwa na Lifezone. Mwezi huo huo zilitolewa hesabu kamili za mgodi wa Kabanga, zenye kuonyesha kwamba mradi unafaa. Lakini hesabu zikitoka hutafutwa fedha, fedha zikipatikana hujengwa, na ujenzi wa mgodi wa chini ya ardhi ni kazi ya miaka.

Hata udanganyifu hauko mbali na biashara hii. Februari 2023 kampuni kubwa ya biashara, Trafigura, ilitangaza kwamba huenda ikapata hasara ya dola milioni 577 kwa sababu makontena iliyoyalipia kuwa ya nikeli hayakuwa na nikeli. Mwezi uliofuata, katika ghala moja la Rotterdam lililoandikishwa na soko la London, mifuko yenye uzito wa tani 54 iliyohesabiwa kuwa ya nikeli ilifunguliwa ikakutwa imejaa mawe. Wakulima wa kahawa, msicheke. Au chekeni kidogo tu.

Sasa nije kwa lori. Waitu Mama, mwite mwanao mkae pamoja, naye asione kwamba namdharau. Yeye ameona jambo ambalo wengi hawakuliona, kwamba mali hukua inapofanyiwa kazi nyumbani. Ila ameangalia ramani ya dunia, hakuiangalia ramani ya mkoa. Mzigo wa Kabanga haupiti Bukoba. Utatoka Ngara kwenda kusini, kwa njia ya Lusahunga, Nyakanazi na Ushirombo hata Kahama. Mtu wa Buhembe atakuwa mgeni katika njia hiyo, na lori lake likiharibika Nyakanazi hana fundi wala shangazi. Tena migodi mikubwa haimpi mzigo mtu mwenye lori moja aliyesimama langoni. Hutoa mkataba kwa kampuni yenye malori mengi, bima, na vyeti vya usalama. Mwenye lori moja kuukuu hupata kazi ya kuokoteza, kwa bei atakayotajiwa na mwingine.

Na kibanja? Kila mwana wa Kagera ajua maana ya butura: mtu mwenye shida huuza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kumwonea, na msimu ukifika huchuma kahawa ya mwenziwe katika shamba lake mwenyewe. Kuuza migomba na mibuni leo kwa ajili ya mzigo ambao haujachimbwa ni butura ya namna nyingine, tena mbaya zaidi, maana butura hula msimu mmoja na hii yala shamba lenyewe. Lori nalo huzeeka likiwa limesimama. Halisubiri mkutano wa wenye benki huko ng'ambo. Kwa hiyo nasimama pamoja na yule baba mdogo aliyekataa, ingawa ningemwomba akatae kwa upole.

Kama kijana aitaka nikeli kweli kweli, njia nafuu zipo. Kabanga na Kahama vitahitaji watu wa kuunga vyuma, wa umeme, wa mitambo ya maji na mabomba, na hasa watu wa maabara: wale wanaopima kilichomo katika sampuli. Hii ya mwisho vijana wetu huikimbia kwa kuogopa kemia, na ndiyo yenye siri yote ya biashara niliyoieleza hapo juu. Ada ya chuo cha ufundi haifikii bei ya kibanja, tena fundi wa umeme, nikeli ikikataa, atafanya kazi Mwanza, Kampala au hapa hapa Buhembe. Lori la nikeli, nikeli ikikataa, litabeba mchanga.

Akiipata kazi ile, na ajue jambo moja la afya. Chumvi ya nikeli si rafiki wa mwili. Vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu laweza kuleta saratani ya mapafu na ya pua, na mikono ya wengi huwashwa na kutoka upele. Kina mama ambao masikio yao huvimba kwa sababu ya hereni za bei rahisi wanaijua nikeli bila kuambiwa jina lake. Mwajiri asiyetoa vifaa vya kuzuia vumbi akataliwe, hata kama mshahara ni mnono.

Limebaki jambo la maji, ambalo mama hakuliuliza, lakini latuhusu sisi wa huku kuliko habari ya malori. Maji ya Ngara huingia Ruvubu, Ruvubu hukutana na Kagera pale Rusumo, na Kagera huzunguka kaskazini, hupita Kyaka, ikamwaga katika Ziwa Viktoria ng'ambo kidogo ya mpaka wa Uganda. Mawe ya Kabanga yana salfa nyingi na chuma. Mawe ya namna hiyo yakisagwa, yakachukuliwa nikeli yake, na mabaki yakaachwa kwenye hewa na mvua, hutoa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha metali na kuziingiza mitoni. Hili si jambo la kubuni. Majirani zetu wa Kasese, Uganda, walikuwa na mgodi wa shaba wa Kilembe, uliofanya kazi tangu 1956 hata mapema ya miaka ya 1980. Mabaki yenye salfa na kobalti yalirundikwa Kasese, mvua ikayaosha kwa miaka mingi kuelekea Ziwa George, na ukanda wa nyasi ukafa katika hifadhi ya Queen Elizabeth. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kikajengwa kiwanda cha kutoa kobalti katika rundo lile kwa msaada wa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kumbe kile kilichoitwa takataka kilikuwa mali na sumu kwa pamoja.

Basi madiwani na wabunge wa Ngara, Karagwe, Kyerwa na Missenyi, wote ambao mto huu unapita kwao, wangepaswa kuuliza mapema: mabaki ya Kabanga yatafunikwaje, nani atapima maji ya Ruvubu, na vipimo vitabandikwa wapi ili mwananchi avisome? Na mgodi utakapofungwa, fedha za kutunza rundo lile zitakuwa zimewekwa wapi? Maswali haya ni rahisi kujibiwa kabla ya jiwe la kwanza kusagwa. Baadaye kila mtu huwa amehamia ofisi nyingine.

Tena wako wale wa Kabanga wenyewe, kaya zaidi ya 1,000 zinazoguswa na mradi, baadhi yake zikilazimika kuhama kabisa na kuacha migomba iliyopandwa na wazee wao. Kwetu sisi mgomba si mti tu, na makaburi hayapimwi kwa ekari. Wasomaji wa parokia za Ngara waliolipwa fidia, au waliopewa nyumba mpya, na waniandikie mambo matatu tu: mgomba mmoja ulihesabiwa kwa kiasi gani, shamba jipya lina maji umbali gani, na hati ya nyumba imeandikwa jina la mume peke yake au la mume na mke. Barua zisizotaka kutajwa jina zitatunzwa. Nitazijibu zikifika hata tano.